Ukijani wa Jani na Wekundu wa Damu

Miembe na mikorosho ya Kilwa na Lindi inapochipua, majani yake machanga huwa na rangi ya damu ya mzee kabla ya kugeuka kijani. Wataalamu wengi huona kuwa wekundu ule ni pazia la kulikinga jani na jua, kwa kuwa umbijani, yaani klorofili, bado haujakamilika ndani yake.

Surat al-An'am, aya ya 99, imeutaja ukijani wa mimea. Je, unatengenezwaje?

Jani huanza na asidi ya amino iitwayo glutamati, ikapitishwa katika hatua zaidi ya kumi. Njiani hupatikana kitu kiitwacho protopofirini, na hapo ndipo penye njia panda. Kikitiwa magnesiamu, huelekea kuwa umbijani. Kikitiwa chuma, huwa hemu, ile ile inayoipa damu yetu wekundu. Hata hivyo, wanaodai kuwa ukijani wa kisamvu hugeuka damu tumboni wamezidisha maneno. Hemu yetu huundwa na miili yetu wenyewe, na mboga hutusaidia kwa chuma na vitamini zake.

Kazi hii ina hatari kubwa. Vitu vya njiani, vikipigwa na mwanga kabla ya kukamilishwa, huzaa oksijeni kali inayounguza seli. Kwa hiyo mmea haupaswi kurundika malighafi ovyo. Katika mimea yenye maua, hatua moja ya karibu na mwisho haiendi bila mwanga. Ndiyo maana nyasi zilizofunikwa na jiwe huwa za manjano. Giza likiingia, protini iitwayo FLU huzuia kazi tangu mwanzo wake, na hemu nayo ikizidi huzuia pale pale. Mwaka 2001 watafiti wa Uswisi walieleza habari za mimea midogo ya Arabidopsis iliyokosa protini hiyo. Ilipowekwa gizani kisha ikatolewa mwangani, ilipauka na kufa; iliyokaa katika mwanga usiokatika ilisalimika.

Haya yanamhusu mkulima moja kwa moja. Udongo wa mawe ya matumbawe una chokaa nyingi, na chokaa huufanya mmea ushindwe kukifyonza chuma. Chuma kinahitajika katika mojawapo ya hatua za kuunda umbijani, hivyo kikikosekana majani machanga huwa ya manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Magnesiamu ikipungua, huanza majani makuukuu, kwani mmea huihamishia machipukizini.

Lakini si kila umanjano ni njaa ya udongo. Batobato ya mihogo huletwa na virusi, nayo huacha mabaka na kuyakunja majani. Michirizi ya kahawia, aliyoieleza Storey wa kituo cha Amani, Tanga, mwaka 1936, ni ya hila zaidi. Huweka umanjano kandokando ya mishipa ya majani makuukuu, na pengine shina likaonekana zima kabisa hadi siku ya kuvuna, familia ikakuta mihogo imeoza ndani. Virusi hivi huenezwa na nzi weupe pamoja na pingili zenye ugonjwa. Hapo fedha ya mbolea hupotea bure; linalofaa ni kung'oa shina hilo, na pingili zake zisipandwe wala jirani asipewe.