Kibobakasi, mkakaya na mwambangoma ni miti mitatu, si mmoja

MSOMAJI mmoja wa Eldoret ameniuliza: ule mti wa maua mekundu tunaouita ‘Nandi flame’ una jina gani kwa Kiswahili? Anasema wanafunzi wake huandika ‘moto wa Nandi’. Tafsiri hiyo ya nini, maadamu jina tunalo? Mti huo ni kibobakasi; wengine husema kifabakazi.

Shida ni kwamba wengi wetu kila mti wenye maua mekundu tunauita ‘flame’. Basi tuitofautishe.

Maua ya kibobakasi ni makubwa, yana umbo la kikombe, na hukaa kwa mafungu kwenye ncha za matawi. Matumba yake hujaa maji, ndiyo maana watoto huyafinya wakarushiana. Wanasayansi huuita Spathodea campanulata, na neno hilo la pili ni la Kilatini, maana yake ‘wenye umbo la kengele’.

Mkakaya, au mkrismasi, asili yake ni Madagaska. Vijani vyake ni vidogo vidogo kama manyoya ya ndege, na maganda yake ni marefu kama panga. Wapo wanaouita mjohoro pia, ilhali mjohoro unaojulikana zaidi una maua ya manjano. Ukiagiza ‘mjohoro’ kitaluni, usishangae kuletewa mti usioutaka!

Mwambangoma nao una miiba, na mbegu zake ni nyekundu zenye doa jeusi.

Kibobakasi hupandwa kwa ajili ya kivuli na urembo. Mbao zake ni laini, hivyo hufaa kuchongea ngoma, lakini kuni zake haziwaki vizuri. Upepo mkali huvunja matawi yake, kwa hivyo usiupande karibu na nyumba.

Magome ya kibobakasi na ya mwambangoma hutumiwa katika tiba za kienyeji, kila moja kwa maradhi yake, na mbegu za mwambangoma zina sumu. Hapa kukosea jina si suala la alama za mtihani tu. Ni suala la uhai.

Mwisho, tuzingatie ngeli. Miti mingi huwa katika ngeli ya U-I: mkakaya umechanua, mikakaya imechanua. Kibobakasi hufuata KI-VI: kibobakasi kimechanua, vibobakasi vimechanua. Ukitanguliza neno ‘mti’, basi mti ndio utawalao: mti wa kibobakasi umechanua.