Fahamu: Ualbino, jeni na jua la Noonkopir

Ualbino ni hali ya kurithi ambapo mwili hautengenezi melanini ya kutosha kwenye ngozi, nywele na macho. Aina iliyoenea zaidi Afrika hutokea mtoto anaporithi jeni yenye hitilafu kutoka kwa baba na mama pia, hata kama wote wawili wana rangi ya kawaida. Kumlaumu mama peke yake, kama ilivyozoeleka, ni dhuluma tupu. Utafiti wa miaka ya 1990 ulionyesha kwamba kwa Waafrika wengi chanzo ni kipande kilichopotea kwenye jeni iitwayo OCA2.

Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya 9,729 wenye ualbino. Kwa wale wanaoishi Noonkopir, kwenye tambarare kando ya barabara ya Namanga, kivuli ni haba, na madhara ya jua hujilimbikiza tangu utotoni hadi kuleta saratani ya ngozi. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu hutoa mafuta ya kukinga jua bila malipo. Ng'ambo ya mpaka, katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, Tanzania, ndiko yalikoanzia mafuta ya Kilisun, yaliyobuniwa mahususi kwa ngozi yenye ualbino. Macho nayo yana mahitaji yake: mtoto hukalishwa karibu na ubao, mbali na mwanga mkali wa dirisha.