Msafiri Apitaye Mombasa Ale Nini?

Mombasa ni kisiwa, na kila mtu asafiriye kwa nchi kavu, akiwa anaingia au anatoka, hupita katika mojawapo ya milango mitatu. Upande wa magharibi iko Changamwe, ambako reli na barabara ya Nairobi huanza safari ya kwenda bara. Upande wa kusini iko Likoni, ng'ambo ya kivuko, ambako magari huelekea Kwale, Lunga Lunga na Tanga. Upande wa kaskazini iko Kisauni, njia ya kwendea Kilifi, Malindi na Lamu. Katika milango hiyo watu hungoja: hungoja basi lijae, hungoja feri ifike, hungoja saa ya gari la moshi. Na popote watu wangojapo, hapo moto huwashwa na karai huinjikwa.

Msafiri mwenye njaa akifika hapo huwa katika mashaka mawili. Akila ovyo, huenda akaugua tumbo njiani, mahali pasipo mganga wala choo. Akiogopa kila kitu, hushinda na njaa mchana kutwa, au hununua biskuti na soda kwa bei kubwa, hali chakula kizuri kinauzwa hatua chache tu kutoka alipoketi. Yote mawili ni hasara, na yote mawili hutokana na kutokujua. Basi yafaa kueleza vyakula hivyo ni vipi, vimetoka wapi, na jinsi mtu awezavyo kuvichagua kwa busara.

CHANGAMWE: MLANGO WA RELI

Kazi ya kujenga Reli ya Uganda ilianza Mombasa mwaka 1896. Njia ilifika Nairobi mwaka 1899, na Kisumu, ukingoni mwa ziwa, mwaka 1901. Zaidi ya watu 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kufanya kazi hiyo. Wahindi walikuwa wakifanya biashara na watu wa pwani tangu karne nyingi kabla ya reli, na alama ya ujirani huo ingali katika meza za wauzaji wa chakula: majina ya chapati, bajia na achari, hata la karai lenyewe, yametoka katika lugha za Bara Hindi.

Hapo kale abiria wenye tikiti za bei kubwa waliteremka Voi wakala chakula cha jioni katika nyumba ya wageni ya reli, na baadaye wakapata mabehewa ya kulia chakula. Abiria wa daraja la tatu alitegemea kikapu chake mwenyewe na wauzaji wa vituoni. Gari liliposimama, ndizi, mayai na mahindi ya kuchoma vilipitishwa dirishani, na fedha zikapokewa kwa njia hiyo hiyo.

Mambo hayo yamebadilika. Tangu mwaka 2017 abiria wa Nairobi husafiri kwa reli mpya, ambayo kituo chake kikubwa cha Mombasa kiko Miritini, mbele ya Changamwe. Safari iliyochukua usiku kucha sasa huchukua saa tano au sita. Lakini madirisha ya mabehewa mapya hayafunguliwi, na gari lisimamalo Mariakani, Miasenyi, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali na Athi River hukaa kwa muda mfupi tu. Muuzaji wa dirishani hayupo tena. Ndani ya gari chakula huuzwa, lakini bei yake huzidi ile ya mtaani. Kwa hiyo asafiriye kwa gari la moshi yampasa ale kabla hajaingia kituoni, naye afike mapema, kwa kuwa mizigo hukaguliwa na mlango hufungwa kabla ya saa ya kuondoka.

Chakula kifaacho zaidi saa za asubuhi ni mahamri na mbaazi. Mahamri ni unga wa ngano uliokandwa kwa tui la nazi, sukari, hamira na iliki. Unga ukisha kuumuka husukumwa, hukatwa vipande vya pembe tatu, kisha hukaangwa katika mafuta ya moto mpaka vikafura. Mbaazi hurowekwa usiku, huchemshwa mpaka zilainike, ndipo hupikwa kwa tui zito. Wafanya kazi wa bandari na wa viwanda vya Changamwe hupitia chakula hiki alfajiri wakienda kazini, kwa sababu ni rahisi kwa bei na hukaa tumboni kwa muda mrefu. Mbaazi huujenga mwili kama nyama, na hamri huupa nguvu.

LIKONI: NG'AMBO YA KIVUKO

Msafiri ashukaye katika feri upande wa Likoni hukutana na harufu ya samaki wa kukaanga kabla hajamaliza kupanda mlima wa kivuko. Wanawake wafanyao kazi hiyo pwani huitwa mama karanga. Hununua samaki kwa wavuvi pwani, huwapaa, huwatia chumvi, na kuwakaanga papo hapo. Kwa wengi wao kazi hii ndiyo ada ya shule ya watoto na kodi ya nyumba. Samaki aliyekaangwa vizuri na kukaushwa mafuta hudumu kuliko samaki wa mchuzi, na kwa hiyo humfaa mtu mwenye safari ndefu, kama ile ya kwenda mpaka wa Lunga Lunga, ambao ni mwendo wa kilomita zipatazo 100.

Pamoja na samaki huuzwa muhogo, wa kuchoma au wa kukaanga, uliopasuliwa na kutiwa chumvi, pilipili na ndimu. Watu wengi hudhani kwamba muhogo ni chakula cha asili cha pwani. Sivyo. Muhogo, mahindi na pilipili vyote vilitoka Amerika, vikaletwa Afrika baada ya Wareno kuanza kusafiri baharini. Vasco da Gama alifika Mombasa mwaka 1498. Mnazi na mpunga nao vilivuka bahari kutoka Asia zamani zaidi. Hivyo sahani moja ya kivukoni yakusanya mazao ya dunia nzima. Jambo moja tu lafaa kukumbukwa: aina chungu za muhogo zina sumu iondokayo kwa kutayarishwa na kupikwa vizuri. Muhogo mchungu mdomoni usiliwe, hata kama umelipiwa.

Kinywaji cha Likoni ni dafu. Maji yaliyomo ndani ya dafu lisilopasuka ni safi, kwa kuwa uchafu hauna njia ya kuingia. Hatari yaweza kuwa katika panga lililolikata na katika gilasi iliyotumiwa na watu kumi kabla. Basi heri kunywa katika dafu lenyewe, likiwa limekatwa mbele ya macho ya mnunuzi.

KISAUNI: NJIA YA KASKAZINI

Kwenda Kisauni mtu huvuka daraja la Nyali. Daraja la kwanza, lililoelea juu ya maji, lilifunguliwa mwaka 1931. Lililopo sasa latumika tangu mwaka 1980. Mbele kidogo ni Kengeleni, mahali palipopata jina lake kwa kengele ya Freretown, makao yaliyoanzishwa na wamishenari katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliokombolewa katika utumwa. Karibu na hapo ni soko kuu la Kongowea. Viazi, vitunguu na kabeji hushushwa hapo kutoka bara. Maembe, nazi, muhogo na machungwa hufika kutoka Kilifi na Kwale.

Kwa sababu ya soko hilo, viazi vya karai havikosekani upande huu. Kiazi huchemshwa, huchovywa katika unga wenye rangi ya manjano, kisha hutumbukizwa katika mafuta yanayochemka. Huliwa kwa rojo la ukwaju na pilipili. Vile vile huuzwa mabuyu yaliyopikwa kwa sukari na kutiwa rangi nyekundu, achari za maembe, na korosho. Jioni huuzwa mishikaki na kahawa tungu, ambayo hunywewa kwa kashata.

KWA NINI CHAKULA HUMDHURU MTU?

Chakula hakimdhuru mtu kwa kuwa kimeuzwa njiani, wala hakiwi salama kwa kuwa kimeuzwa katika hoteli kubwa. Kimdhurucho ni vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vijidudu hivyo huzaliana upesi katika chakula chenye vuguvugu. Shirika la Afya Duniani hufundisha kwamba chakula kipikwe mpaka joto la ndani lifike nyuzi 70 za sentigredi, kihifadhiwe juu ya nyuzi 60 au chini ya nyuzi 5, na kisiachwe nje kwa zaidi ya saa mbili. Mombasa nyuzi 30 ni joto la kawaida la mchana, na kwa hiyo chakula kilichoachwa mezani huharibika mapema.

Hapo msafiri aweza kufahamu tofauti ya chakula na chakula. Hamri, bajia au kiazi kitokacho katika mafuta yanayochemka hakina hatari kubwa, kwa maana joto hilo limekwisha kuua vijidudu. Mbaazi za nazi zilizo juu ya makaa, zikitoa mvuke, zafaa. Lakini mbaazi zile zile zikiwa zimepoa tangu asubuhi zisiguswe saa nane, kwani tui la nazi huchacha upesi. Wali uliolala nje nao una hatari, na kuupasha moto hakuiondoi yote, maana baadhi ya vijidudu huacha sumu isiyokufa kwa moto.

Jambo la pili ni maji. Katika mitaa mingi ya Likoni na Kisauni maji ya bomba hayatoki kila siku, na watu hununua maji ya mikebe kwa wachuuzi wenye mikokoteni. Maji yasiyojulikana yalikotoka yaweza kuleta kipindupindu na homa ya matumbo. Chai na kahawa iliyochemka ni salama. Sharubati yenye barafu yahitaji kuulizwa kwanza: barafu hiyo ilitengenezwa kwa maji gani? Tunda lililomenywa na mlaji mwenyewe ni bora kuliko lililokatwa mapema na kukaa juani pamoja na nzi.

KUMCHAGUA MUUZAJI

Wahenga walisema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mahali ambapo madereva, makuli na wenyeji hukusanyika, chakula hakikai. Kipikwacho huliwa papo hapo. Yafaa pia kutazama mambo manne: chakula kimefunikwa au la, sahani huoshwa kwa maji safi au katika ndoo moja tangu asubuhi, muuzaji hushika chakula kwa kijiko au kwa mkono uliopokea fedha, na pana maji na sabuni za kunawia au hapana. Sheria ya Kenya yawataka wauzaji wa chakula wapimwe afya zao kila baada ya miezi 6 na wapewe cheti.

Kuuliza si kumtukana mtu, kama maneno ni mazuri. Mgeni asalimu kwanza, ndipo aseme, "Mama, nakuomba unipakulie kilicho moto." Muuzaji mwema hachukii. Mtaji wake ni mdogo, na mteja mmoja akiugua, habari huenea kituo kizima kabla ya magharibi. Kila mnunuzi aombaye usafi kwa adabu humsaidia yeye na watakaokula baadaye.

VITU VYA KUCHUKUA NJIANI

Kwa safari ya basi, vyakula vikavu ndivyo vifaavyo: mahamri yaliyopoa na kufungwa katika karatasi safi, kashata, korosho, chapati, mayai ya kuchemsha yasiyomenywa, ndizi na machungwa. Mchuzi, wali wa nazi na biriani viliwe mahali vilipopikwa. Maji ya kunywa yachemshwe nyumbani na kutiwa katika chupa safi. Katika mwezi wa Ramadhani vibanda vingi hufungwa mchana, na msafiri asiyefunga yafaa ale faraghani. Lakini jua likitua, milango yote mitatu hujaa kaimati, vitumbua na uji, na mara nyingi mgeni hukaribishwa bila kuulizwa dini yake.

Ikitokea mtu akahara njiani, hasa mtoto, hatari ya kwanza ni kupungukiwa na maji mwilini. Apewe maji yenye chumvi na sukari yauzwayo katika vipakiti. Yakikosekana, lita 1 ya maji safi itiwe vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa kwa kisu, naye anywe kidogo kidogo. Mtoto anyonyaye aendelee kunyonya. Kuhara kama maji yaliyooshewa mchele ni dalili ya kipindupindu: safari ikatizwe, na mgonjwa apelekwe hospitali iliyo karibu pasipo kukawia. Tikiti hununuliwa tena.

Mtu azingatiaye hayo hana sababu ya kupita Mombasa na njaa. Atakula mahamri ya Changamwe yangali moto, samaki wa Likoni, na viazi vya Kisauni. Atalipa fedha kidogo kwa mtu aliyeamka usiku kumpikia. Naye atafika aendako mzima, akiwa na habari ya kuwasimulia wa nyumbani.