Mlimsamehe kwa fedha yangu



Miaka michache iliyopita, katika kigango kimoja nilichokuwa nakihudumia, mhazini wa jumuiya alikula fedha za watu. Sehemu kubwa ilikuwa ya mama mmoja mjane, shilingi 340,000, alizokuwa akiweka kidogo kidogo kwa ajili ya ada ya mtoto. Mambo yalipojulikana, mhazini alisimama mbele ya waamini baada ya Misa, akapiga magoti, akalia, akaomba msamaha. Nilimwinua, nikampa mkono, nikawakumbusha waamini furaha iliyoko mbinguni kwa ajili ya mdhambi mmoja anayetubu. Watu wakapiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele. Nilirudi parokiani moyo mweupe.

Baada ya miezi kadhaa mama yule alinisubiri nje ya sakristia. Hakuwa na hasira. Alisema, "Padri, mlimsamehe kwa fedha yangu." Kisha akaniaga, akaenda zake.

Ameniruhusu kuyaandika haya, mradi nisitaje kijiji.

Jioni ile nilikitafuta kabatini kitabu ambacho nikiwa seminari kuu nilikisoma juujuu ili nifaulu mtihani. Kinaitwa Nachfolge, yaani kumfuata Kristo, na kilitolewa mwaka 1937 na Dietrich Bonhoeffer, mchungaji na mwanateolojia wa Kilutheri wa Ujerumani. Najua wapo watakaouliza padri anatafuta nini kwa Walutheri. Basi wakumbuke kwamba tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Kanisa letu na Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani walitia saini tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki. Tulikiri pamoja kwamba mtu hukubaliwa na Mungu kwa neema, si kwa mastahili yake. Ule ukuta si mrefu kama tulivyoukuta.

Bonhoeffer anaanza kwa kushambulia kitu anachokiita neema ya bei rahisi. Mtu anaambiwa amesamehewa, lakini hakuna anayemuuliza kama ameiacha njia yake. Anakaribishwa mezani pa Bwana na hakuna anayetaka kujua anaishije na jirani. Dhambi inahesabiwa haki, na mdhambi anabaki palepale.

Asieleweke vibaya. Hasemi kwamba neema inanunuliwa. Luther aliinuka mwaka 1517 kupinga namna rehema zilivyokuwa zikiuzwa, na hapo sisi Wakatoliki tuna sababu ya kuinamisha kichwa. Kwa Bonhoeffer neema ni bure kwetu, kwa kuwa Mungu ndiye aliyelipa, tena kwa uhai wa Mwanawe. Kilichomgharimu Mungu kiasi hicho hakigawiwi kama pipi za watoto. Kikimfikia mtu kinamwondoa pale alipokuwa, kama Petro alivyoziacha nyavu. Anatugusa na sisi pia: anasema watawa walihifadhi mwito wa kumfuata Kristo kwa gharama, ila Kanisa likaufanya kuwa kazi ya wachache, waumini wengine wakaachiwa njia ya mteremko. Sina la kumjibu.

Hakuyaandika haya akiwa amekaa salama maktabani. Alikuwa akiwaongoza wachungaji vijana katika seminari ndogo ya Finkenwalde, na mwaka huohuo wa 1937 polisi wa Hitler waliifunga. Aliwaona Wakristo wengi wakiimba na kupokea ondoleo huku jirani zao Wayahudi wakifukuzwa kazini. Huko seminarini aliwahimiza wanafunzi wake waungame dhambi mmoja kwa mwenzake, jambo lililowashangaza. Mimi halinishangazi sana. Mwaka 1924, akiwa kijana wa miaka 18, alikwenda Roma, akawatazama waamini wakipanga foleni ya kitubio katika basilika ya Santa Maria Maggiore, na picha hiyo haikumtoka.

Lakini linaloniuma zaidi ni tukio la Aprili 1933. Pacha wake, Sabine, alikuwa ameolewa katika familia ya asili ya Kiyahudi. Mkwe wake alipofariki, familia ilimwomba Bonhoeffer aongoze mazishi. Marehemu hakuwa amebatizwa. Bonhoeffer aliomba ushauri kwa mkubwa wake kanisani, akaambiwa asifanye, akatii. Novemba ya mwaka huo, akiwa mchungaji London, aliwaandikia Sabine na mumewe kuomba radhi, na kusema haelewi ni kitu gani kilimtia hofu namna ile. Hakuishia kumweleza Mungu. Aliwaendea waliokuwa wamebaki na maiti yao.

Kuhusu msalaba pia ananisahihisha. Kwetu mtu akiugua kisukari, au mume akiwa mlevi, husema huo ndio msalaba wake. Nimewahi kuhubiri hivyo mazishini. Bonhoeffer anasema hapana: shida ya kawaida ya maisha ni shida, na ihurumiwe kama shida. Msalaba ni yale yanayokupata kwa sababu umeshikamana na Kristo, na ungeweza kuyakwepa kama ungemwacha. Yeye hakuyakwepa. Mwaka 1939 alikuwa New York, mahali pa usalama, akarudi kwao baada ya wiki chache tu. Alikamatwa Aprili 1943. Akiwa gerezani aliandika kwamba anaziona hatari za kitabu kile, ila bado anasimama nacho. Alinyongwa Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945, akiwa na miaka 39.

Sasa nirudi kigangoni. Katekisimu yetu inafundisha wazi kwamba aliyeiba anapaswa kurudisha. Nimewafundisha hilo vijana wa kipaimara mwaka baada ya mwaka, nikiwapa mfano wa Zakayo. Siku ile nilisahau kwa sababu ya vigelegele. Ni rahisi sana kusamehe deni usilodai.

Nilimwendea mhazini kwanza. Alikasirika: "Padri, si yalikwisha?" Nilimwambia mimi ndiye niliyesema yamekwisha, na sikuwa na haki ya kusema. Tulikaa kimya mpaka chai ikapoa. Kisha tulikwenda wote wawili kwa mama. Nilimwomba radhi mimi kabla yake, maana nilikuwa na sehemu yangu. Hakujibu mara moja. Alitutolea viti.

Mtoto alikuwa amekwisha kupoteza mwaka mzima wa shule, na huo hakuna wa kuurudisha. Fedha zinarudi. Mwezi uliopita mhazini alileta elfu ishirini. Mama alizihesabu mbele yetu, noti kwa noti, akaandika kwenye daftari, akampa asaini.