Siku 90 kabla ya kuishtaki halmashauri

Halmashauri ikitaka kukuondoa barabarani inachora X nyekundu kwenye ukuta wa kibanda chako na kukupa siku chache ufungashe. Ukitaka kuipeleka mahakamani kwa X hiyohiyo, sheria za Tanzania zinakutaka kwanza uiandikie notisi na usubiri siku 90.

Takwa hilo limo katika sheria mbili za serikali za mitaa za mwaka 1982, ya mamlaka za wilaya na ya mamlaka za miji. Zamani muda ulikuwa mfupi zaidi. Marekebisho ya mwaka 2020 yaliuongeza na kuzifunga halmashauri kamba moja na Serikali Kuu. Hoja ya notisi yenyewe haina ubaya: mkurugenzi apate nafasi ya kulichunguza dai na kulimaliza mezani, fedha za umma zisiishie kwenye gharama za kesi. Halmashauri ngapi huitumia nafasi hiyo kuzungumza ni swali jingine.

Wengi hukwama kwenye utaratibu. Notisi ieleze msingi wa dai na unachoomba, ipelekwe kwa halmashauri, na nakala zake ziende kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na kwa Wakili Mkuu wa Serikali. Ukifika masijala, usiondoke kabla nakala yako haijagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe inayosomeka. Wakili wa upande wa pili akisimama kudai kwamba notisi haikufika, muhuri huo ndio utakaokusemea.

Siku 90 zikiisha, Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe katika kesi. Akiachwa, mwenendo mzima ni batili, na shauri linaweza kuondolewa hata baada ya mashahidi kusikilizwa. Unaruhusiwa kuanza upya, ila ukomo haukusubiri: madai ya madhara, kama kuvunjiwa mali, yana miaka 3 tu. Tena kesi hizi ni za Mahakama Kuu. Mama lishe anayedai thamani ya meza na masufuria hawezi kwenda Mahakama ya Mwanzo iliyo jirani naye. Kwangu mimi, sharti hili linamkatisha tamaa mdai mdogo kuliko hata zile siku 90.

Halafu kuna suala la nani hasa unamshtaki. Halmashauri ya kijiji kilichosajiliwa ina nafsi ya kisheria, nayo pia hudai notisi. Mtaa wa mjini hauna. Barua ya kumshtaki mwenyekiti wa mtaa kwa uamuzi wa manispaa ni siku 90 zilizopotea.

Na kama tingatinga linakuja kesho? Hapo mawakili hukimbilia maombi ya Mareva, zuio lililopewa jina la kesi ya Uingereza ya mwaka 1975 iliyohusu malipo ya kukodi meli. Mahakama Kuu hulitoa wakati bado hakuna kesi ya msingi, kwa sababu sheria yenyewe imekuzuia kuifungua. Utatakiwa kuonyesha kuwa una dai la maana, kwamba hasara yako haitafidika kwa fedha, na kwamba utaumia zaidi ya halmashauri zuio likikosekana. Ambatisha notisi uliyokwisha kuipeleka, na plenti, yaani hati ya madai, ya kesi ya msingi iwe tayari, kwani kwa kawaida zuio hilo hukoma muda wa notisi unapokwisha.