Utulivu wa bahari usimhadae mpiga mbizi

KASKAZI inapovuma, kati ya Desemba na Machi, bahari ya Kisite, kusini mwa kisiwa cha Wasini katika Kaunti ya Kwale, hutulia na maji yake yakawa maangavu. Huo ndio msimu ambapo mashua huondoka Shimoni zikiwa zimebeba wageni wanaokwenda kupiga mbizi na kujionea matumbawe.

Wengi wao huhofia papa na mawimbi. Hata hivyo, hatari kubwa zaidi kwa mpiga mbizi anayetumia mtungi hutokana na hewa anayoivuta.

Mwaka 1943, Wafaransa Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan walibuni kifaa kinachompa mpiga mbizi hewa yenye shinikizo sawa na la maji yanayomzunguka. Bila ya usawa huo, kifua chake hakingeweza kutanuka kikilemewa na uzito wa bahari.

Kila mita 10 za kina huongeza shinikizo linalolingana na lile la hewa yote iliyo juu ya uso wa bahari. Kwa hivyo, katika kina cha mita 10 shinikizo huwa maradufu, na katika mita 20 huwa mara tatu. Ndiyo maana mtungi ambao ungemtosha mtu kwa saa moja juu ya maji humwishia kwa takriban dakika 20 anapokuwa mita 20 chini.

Hapo ndipo penye hatari. Mtu akijaza mapafu akiwa mita 10 chini, kisha azuie pumzi huku akipanda, hewa hiyo hutanuka hadi mara mbili na inaweza kuyapasua mapafu. Kanuni ya kwanza basi ni kutozuia pumzi kamwe, hata katika maji ya kina kifupi, kwani hewa hutanuka kwa kasi zaidi karibu na uso wa maji.

Hatari ya pili ni naitrojeni. Gesi hii, ambayo ni sehemu kubwa ya hewa, huyeyuka na kuingia katika damu na misuli kutokana na shinikizo. Mpiga mbizi akipanda ghafla, hutoka kwa mapovu, mithili ya soda iliyofunguliwa kwa pupa. Mapovu hayo huleta maumivu ya viungo, ganzi, kupooza na hata kifo.

Haraka haraka haina baraka. Mpiga mbizi hushauriwa kupanda kwa kasi isiyozidi mita 9 kwa dakika, na kutua kwa dakika tatu katika kina cha mita tano ili gesi hiyo itoke polepole kupitia mapafu.

Vilevile, asipande ndege kabla ya saa 12 kupita baada ya kupiga mbizi mara moja, au saa 18 iwapo amepiga mbizi mara kadhaa. Mtalii anayeiacha bahari kuwa starehe ya siku yake ya mwisho Pwani hujihatarisha bila kujua.

Utaratibu huo huo huyanusuru matumbawe. Hayo si mawe, bali ni makazi yaliyojengwa na wanyama wadogo mno kwa miaka mingi. Joto la bahari la mwaka 1998 liliangamiza sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya, na tawi linalovunjwa kwa teke moja huchukua miaka kumea tena.

Anayepumua kwa utulivu na kudhibiti uzito wake huelea bila kugusa chochote, na pia hapandi ghafla. Ujuzi huo haupatikani kwa siku moja. Hufunzwa na mkufunzi aliyehitimu, kwanza katika maji ya kina kifupi.