Hazina au Kificho? Istilahi za Msako Mapangoni

Upo mchezo uitwao jiokashi kwa kufuata matamshi ya kigeni. Ulianza nchini Marekani tarehe 3 Mei, 2000, siku moja baada ya serikali ya nchi hiyo kuondoa kasoro iliyotiwa makusudi katika mawimbi ya satelaiti za kuonyesha mahali. Mchezaji huficha kopo lenye daftari, akatangaza latitudo na longitudo yake. Wenzake hulitafuta, hutia sahihi na kulirudisha palepale. Katika makala hii tunakusudia kuchunguza maneno yatakayomfaa mtafsiri wa maelekezo ya mchezo huo kwa sehemu zenye mapango, kama vile vilima vya Matumbi wilayani Kilwa.

Neno linalotujia upesi ni hazina. Hatulipendekezi. Hazina ni mali, na nchini mwetu zimeenea hadithi za fedha zilizofukiwa na Wajerumani. Mwanakijiji akisikia kwamba wageni wanatafuta hazina, huenda akachukua jembe. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, hayastahimili jembe. Na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuyachimba pasipo kibali. Mchezo wenyewe pia hauruhusu kufukia kopo. Kwa hiyo tunapendekeza kificho, na mchezo uitwe msako wa vificho.

Tuje kwenye maneno ya mahali. Pango ni uwazi mwambani ambamo mtu huweza kuingia, kama Pango la Nang'oma, ambamo husimuliwa kuwa watu walijificha wakati wa Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Shimo huelekea chini, na aliyetumbukia huenda asitoke bila kamba. Mwanya ni nafasi baina ya miamba miwili. Ufa ni alama nyembamba ya kupasuka. Methali isemayo usipoziba ufa utajenga ukuta yaonyesha kwamba ufa huanza kama jambo dogo. Basi mtafsiri akiandika "jihadhari na nyufa" mahali ambapo mwamba wa chokaa umeliwa na maji hata ukaachana kwa kina cha kimo cha mtu, amelipunguza onyo. Hapo tunashauri mpasuko, na kina chake kitajwe kwa mita.

Jambo la mwisho ni dogo kwa umbo, kubwa kwa matokeo. "Kificho kipo pangoni" humfikisha msomaji penye pango. "Kificho kimo pangoni" humwingiza ndani. Mawimbi ya satelaiti hayapenyi mwamba, hivyo tarakimu humwongoza mtu hadi mlangoni tu. Zaidi ya hapo hutegemea maneno. Mtafsiri asiyetofautisha -po na -mo aweza kumtia mtu gizani bila sababu.

Maonyo nayo yaandikwe kwa amri iliyo wazi, si kwa "inashauriwa": Usiingie peke yako. Omba ruhusa ya wazee wa kijiji, kwani baadhi ya mapango ni mahali pa matambiko. Acha habari ya njia yako na saa ya kurudi. Chukua taa zaidi ya moja. Usiingie wakati wa mvua.

Tungefurahi kupata maoni ya wasomaji, hasa walimu wa Kilwa na Lindi, ambao Kimatumbi na Kimwera huenda vikawapa maneno bora kuliko haya yetu.